Mlango Wazi, Jumamosi Saa Tano

Jumatatu, 10 Septemba 2018

Dawa saa mbili. Chai saa mbili na nusu. Ngazi saa tatu. Ziko kumi na tatu. Nimepumzika ya sita na ya kumi. Wiki iliyopita nilipumzika mara moja tu. Naandika ili nisijidanganye.

Wambui alifika saa nne. Ni dalali wa nyumba, Mkenya mwenzangu, mtu wa Nyeri, sauti ya kuuza sokoni. Binti yangu Nasra ndiye aliyemtafuta. Wambui alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hapo nikampa alama. Akapima vyumba kwa kijimashine chenye taa nyekundu. Jikoni padogo, anasema. Bustani nzuri kwa wenye watoto.

Anataka tufanye anachokiita open house. Jumamosi moja, saa tano asubuhi hadi saa saba, mlango unaachwa wazi na kila anayetafuta nyumba anaingia, wote kwa pamoja. Yeye atasimama mlangoni na orodha ya majina. Mimi niende zangu nisionekane. "Mum, mtu akiona wengine wanaitaka, anaitaka mara mbili. Ni kama mitumba Gikomba." Nilicheka. Nikasema nitafikiri.

Nimekaa Northfield miaka ishirini na sita na hakuna aliyeingia humu bila kupiga hodi. Sitaki nisiowajua wafungue kabati langu. Ndiyo sababu niliyompa. Ni ya kweli. Siyo yenyewe.

Jumanne, 11 Septemba

Hospitali. Daktari wa moyo alilizunguka swali langu mara tatu. Nimefundisha miaka thelathini, namjua mtu anayezunguka swali. Nikamwambia aseme kwa hesabu. Akasema miezi, huenda mwaka. Nikamshukuru. Alionekana kupata nafuu kuliko mimi.

Nasra alilia garini. Mimi sikulia. Nina miaka themanini na mbili. Nimeswali, nimefunga, nimehiji, nimemzika mume wangu Abdi kwa heshima. Siogopi kufa. Kitu kimoja tu kimebaki na ninakijua kwa jina.

Mpango ni huu: nyumba iuzwe, nihamie chumba cha chini nyumbani kwa Nasra, Leicester. Huko hakuna ngazi. Nimekubali bila kubembelezwa.

Jumatano, 12 Septemba

Fomu ya wakili imefika kwa posta. Kila anayeuza nyumba huijaza, nayo hupelekwa kwa mnunuzi aisome. Napenda fomu. Uzio wa kushoto ni wa nani? Wangu. Paa lilitengenezwa lini? Risiti ninayo. Madirisha, mabomba, boila ya maji moto. Nilijaza kwa wino, herufi kubwa, bila kufuta hata mahali pamoja.

Kisha nikafika ukurasa mmoja. Je, kumewahi kuwa na mgogoro au malalamiko kuhusu nyumba hii au nyumba ya jirani? Ndiyo au hapana. Ikiwa ndiyo, eleza.

Nikaweka kalamu ya wino chini. Nikachukua penseli. Nikatia alama kwenye Hapana.

Saa kumi jioni Mama Furaha akaleta sombe, kisamvu cha kwao. Ni jirani yangu wa ukuta. Nyumba zetu ni pacha, ukuta mmoja unazigawa toka chini hadi darini. Mtu wa Bukavu, mlokole, mjane kama mimi. Jikoni kwake kuna sufuria moja yenye utepe mwekundu kwenye mpini. Haijawahi kuona nguruwe. Ni ya chakula changu tu. Miaka kumi na minne.

"Kula, Mwalimu. Umebaki mifupa. Hata paka ya hapa itakukataa."

Nilikula. Sombe aliileta kwenye bakuli la bluu. Bakuli ni langu, lakini limekaa kwake sawa na lilivyokaa kwangu. Halijawahi kuvuka mlango likiwa tupu. Siku ambayo sina kitu natia hata tende tatu.

Fomu ilikuwa mezani muda wote. Niliifunika kwa gazeti.

Alhamisi, 13 Septemba

Niandike sasa, mkono ukiwa bado unatii.

Mwaka 2006 niliandika barua tatu kwa baraza la jiji. Bila jina. Kwa Kiingereza kizuri sana. Nilisema nyumba ya jirani imegeuzwa kanisa bila kibali. Nilisema magari yanaziba njia. Nilisema kelele.

Ni kweli waliimba. Kila Ijumaa jioni, watu ishirini sebuleni mwa Mama Furaha, na ngoma moja, saa moja hadi saa tatu. Lakini si kelele zilizonifanya niandike. Saa tatu nilikuwa bado nasoma. Niliandika kwa sababu niliona aibu. Kabla yao mimi na Abdi tulikuwa Waafrika pekee wa mtaa huu. Wazungu walikuwa wamenizoea, walinisalimu kwa adabu, walisifu maua yangu. Kisha wakaja hawa, na vitenge vyao, na vicheko vyao barabarani, na majirani wakaanza kutuona kama nyumba moja. Nilitaka ijulikane kwamba mimi si wao. Hivyo tu. Nimetafuta sababu nyingine, haipo.

Abdi hakujua. Angejua angenirudisha Isiolo kwa miguu.

Hilo ndilo dogo.

Baraza lilipomwandikia Mama Furaha, barua aliileta kwangu. Angeipeleka kwa nani tena? Watu wetu wote waliniletea barua zao, za hospitali, za shule, za viza. Ndiyo kazi ya mwalimu mstaafu. Akakaa kwenye kile kiti cha dirishani akaniomba nimjibie. Maneno yake ninayo yote. "Waambie bakuye siku ya Ijumaa. Mlango uko wazi. Basikilize kwanza. Kama ni mbaya, tutanyamaza."

Mimi nikaandika kwamba wanaomba radhi na watahamia mahali pengine. Nikampa kalamu. Akatia sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Wakahamia ukumbi wa kukodi Tyseley, katikati ya karakana, karibu na wanapochoma taka. Ghorofa ya pili, bila lifti. Mama yake mzazi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuweza kupanda. Kila Ijumaa alibaki dirishani peke yake, na mimi nilimwona nikitoa pipa langu la taka. Alikuwa akinipungia mkono. Alikufa majira ya baridi ya pili.

Lawama zilimwangukia Ron, Mzungu wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa aliwahi kunung'unika kuhusu magari. Ron hakuandika chochote. Nilikuwa na njia ya kusema hivyo kila siku. Sikusema.

Nimemaliza. Nimekunywa maji.

Ijumaa, 14 Septemba

Saa moja jioni ukuta kimya. Nilipata nilichokiandikia. Sikipendi.

Jumapili, 16 Septemba

Nasra alikuja na wali na hasira. Ananielewa kila neno, ananijibu Kiingereza; neno mama tu ndilo hulisema kwa Kisomali. "Hooyo, people do it every day." Nikamwambia kuhusu kabati. Atalifunga kwa ufunguo. Nikamwambia kuhusu viatu kwenye zulia langu la kuswalia. Zulia litaenda Leicester na yeye. Kila sababu niliyoitoa aliipatia dawa. Ni binti yangu, nilimfundisha mwenyewe kubishana. Mwisho akauliza ninachoficha. Nikasema maumivu ya goti.

Baada ya kuondoka nilikaa nikalipanga jambo hili kama somo.

Baba alitufundisha kwamba anayeuza nyumba humwambia jirani kwanza, kabla ya mtu mwingine. Wanazuoni wamehitilafiana. Kwa madhehebu yetu haki hiyo ni ya mshirika, kwa jirani ni adabu. Lakini ukuta huu ni wa wawili. Kama huyu si mshirika, sijui mshirika ni nani.

Na jirani ana haja. Espoir, mwanawe, anakaa Kingstanding, upande wa pili wa jiji, na mke na mapacha katika fleti yenye ukungu ukutani. Mara ngapi Mama Furaha amesema laiti angewapata karibu. Nikimwambia, atamtaka Espoir ainunue. Espoir akinunua, ile fomu inaenda mikononi mwake. Nikiandika Hapana, nitakuwa nimewadanganya mara ya pili kwa mwandiko uleule. Nikiandika Ndiyo, wataisoma kwa wakili.

Mgeni akinunua, hakuna atakayejua. Mgeni atasoma Hapana yangu na kugeuza ukurasa.

Kwa hiyo huo mlango wazi ninaoukataa kwa maneno ndiyo njia yangu ya kutorokea. Watu wengi, nisiowajua, haraka, basi. Nimeliona hilo leo na sikupenda kuliona.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimempigia Wambui. Nimekubali. Jumamosi tarehe ishirini na mbili, saa tano.

Woga. Niuite kwa jina lake.

Alikuja saa nane na mpiga picha. Mama Furaha alikuwa anaanika nguo, akaiona kamera juu ya uzio. "Mwalimu! Harusi ya nani?" Nikasema Nasra anataka picha za ukumbusho. Aliingia ndani mbio, akarudi amevaa kilemba, akasimama karibu na maua yangu ili naye apigwe. Mpiga picha akampiga. Ni picha nzuri.

Sijala jioni hii.

Jumatano, 19 Septemba

Mama Furaha amejua. Ni lazima angejua, siku hizi nyumba zinauzwa kwenye simu. Espoir aliiona akiwa kazini, akamtumia mama yake.

Nilidhani atakuja na uso mwingine. Alikuja anacheka. "Mwalimu, nimeona sebule yako kwa telefone. Imekuwa kubwa sawa uwanja wa ndege!" Kisha akakaa kwenye kiti cha dirishani na kicheko kikaisha. Aliuliza kwa nini simu yake imeambiwa kabla yake. Nikasema ni mambo ya Nasra. Nimefika mahali pa kumsingizia mwanangu.

Akaleta ombi lake. Espoir ameshaongea na benki. Nifunge huo mlango wa Jumamosi, tumalizane sisi kwa sisi. Mapacha wakue hapa. Na mimi nikitaka kurudi kutembea, nitakuwa na kitanda katika nyumba yangu mwenyewe.

Kisha akasema neno. Alisema, "Weye njo uliandika barua yetu wakati ule, hatukuwa na mutu. Miye sisahau."

Nikamwambia nitamjibu kesho. Nikamsindikiza hadi mlangoni. Miguu ilinibeba vizuri, sijui kwa nini.

Alhamisi, 20 Septemba

Ashura. Sikufunga, daktari amenikataza. Nimefanya lingine.

Saa tano nilitia tende kwenye bakuli la bluu nikatoka. Hatua ishirini na mbili kutoka mlango wangu hadi wa Mama Furaha, kwa kupitia geti. Nimepumzika mara moja. Alikuwa mezani anakunja kanzu nyeupe za kwaya. Alisogeza kiti. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza na salamu, na salamu zetu hazina mwisho.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kwamba barua za baraza nilizitunga mimi. Kwamba aliponiletea nimjibie, sikuandika alichosema. Kwamba alisema mlango uko wazi na mimi niliandika wanahama. Kwamba nilifanya hivyo kwa kiburi, si kwa usingizi. Sikueleza zaidi. Nimesikia watoto wengi wakijieleza darasani, najua maelezo yanapogeuka kujitetea.

Aliendelea kukunja. Kanzu moja, ya pili. Ya tatu aliiacha.

"Na Ron?"

Nikasema Ron hakuandika kitu.

"Miaka mingapi miye sikumusalimia Ron. Alikufa, sikumusalimia."

Akaisukuma kando ile kanzu ya tatu.

"Na mama yangu pale dirishani. Ulikuwa unamuona?"

Nikasema ndiyo. Kila Ijumaa.

Hakulia. Ningependa angelia, ningejua pa kusimama. Nikamwambia nyumba ni yao wakiitaka, nitampigia Wambui sasa hivi, hakuna atakayeingia Jumamosi. Hapo ndipo alipoinua macho.

"Hapana. Usitupe nyumba juu ya ile maneno. Mlango wa Jumamosi, fungua. Fungua kwa batu bote. Kama tunataka, tutakuya na batu bote."

Akanifungulia mlango wake. Nikatoka. Hakunisindikiza hata hatua moja. Kwao na kwetu hilo lina maana moja.

Hatua ishirini na mbili. Nimepumzika mara tatu.

Nimefanya. Nina huzuni, lakini nimelala mchana huu kama mtoto. Naandika yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli.

Ijumaa, 21 Septemba

Asubuhi bakuli la bluu lilikuwa kizingitini. Limeoshwa. Limekaushwa. Tupu.

Nililibeba ndani kwa mikono miwili. Nikaliweka juu ya meza. Limekaa hapo siku nzima.

Kibao cha nyumba kuuzwa kimesimikwa bustanini. Fundi alichimba katikati ya maua yangu. Nilimwonyesha mahali pengine. Akahamisha.

Jumamosi, 22 Septemba

Wambui alikuja saa nne kunitoa. Nasra alikuwa ameshawasha gari. Nikasema sitoki. "Mum, mwenye nyumba akikaa ndani, watu wanaogopa kusema ukweli." Nikamwambia ndiyo maana nakaa. Akamtazama Nasra. Nasra akainua mabega. Nikavaa guntino, vazi langu la Kisomali la Idi, nikakaa kwenye kiti cha dirishani, fimbo kando.

Saa tano kamili mlango ukaachwa wazi. Upepo ukaingia kwanza.

Kisha watu. Nilihesabu viatu vilivyopangwa kibarazani: jozi kumi na saba kwa wakati mmoja, kama msikiti mdogo. Mwanamume mmoja alitembea akigonga kuta kwa vidole na kuguna. Mwanamke mmoja alinusa mabomba. Watoto wawili walipanda ngazi zangu na kushuka, kupanda na kushuka, bila kupumzika ya sita wala ya kumi. Nikawaacha, nikafurahi kuziona zikitumika. Mtu alifungua kabati. Nasra alisahau kulifunga. Nikasikia sauti juu ikisema koti zuri. Ni la Abdi, la kazini, lenye vifungo vya kampuni ya mabasi. Wakafunga kabati. Basi. Hilo ndilo nililoliogopa siku kumi na mbili.

Saa sita na robo, watu walikuwa wamepungua. Nikasikia: "Hodi."

Katika wote walioingia leo, yeye pekee ndiye aliyepiga hodi. Sauti ya kanisani, iliyonyooka. Nikasema karibu.

Mama Furaha alivaa kitenge cha sherehe. Nyuma yake Espoir na mkewe, Solange. Alimpa Wambui jina lake herufi kwa herufi, kama mgeni. Akavua viatu akavipanga na vya watu. Hakunitazama. Akazunguka nyumba hii anayoijua kuliko Nasra, akauliza boila ina umri gani, akafungua bomba la jikoni, akalifunga. Solange alisimama katikati ya jikoni akanyoosha mikono yake yote miwili na vidole vikagusa kabati pande zote.

Kisha wakapanda juu. Nikamsikia Mama Furaha akimwambia Espoir jambo. Espoir akashuka, akavaa viatu, akatoka. Akapita dirishani pangu akaingia nyumbani kwa mama yake.

Nilichukua fimbo nikapanda. Wambui alitaka kunishika mkono nikamkatalia. Ya nne, ya saba, ya kumi. Nikamkuta chumbani kwangu, amesimama kati ya kitanda na ukuta, sikio karibu na karatasi ya maua iliyobandikwa ukutani. Solange mlangoni.

Upande wa pili Espoir akaanza kuimba. Peke yake, bila ngoma, sauti ya mtu anayeona haya. Wimbo wao wa zamani, ule wa kufungulia ibada. Ilisikika kama amekaa kitandani mwangu. Kila neno. Hata alipovuta pumzi.

Mama Furaha alisikiliza ubeti mzima. Akageuka. Mara ya kwanza tangu Alhamisi akanitazama usoni.

"Kumbe."

Akaigusa karatasi ya maua kwa kiganja.

"Mwalimu, tulikuwa na makelele."

Nikasema haikuwa makelele. Nikasema tena kwamba sikuandika kwa sababu hiyo. Sikutaka anipunguzie. Akakata maneno yangu kwa kiganja.

"Najua. Umeshasema. Lakini ungegonga, Mwalimu. Hapa." Akaugonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili Espoir akanyamaza papo hapo. "Unaona? Ungegonga tu."

Akapita mbele yangu kwenda ngazini. Kwenye ngazi ya kwanza akasimama bila kugeuka. Alisema nimwandikie upya ile barua ya baraza, namna alivyoisema yeye. Nikamuuliza aipeleke kwa nani, wale maofisa hata hawapo tena.

"Sitaki kuipeleka. Nataka iwepo."

Akashuka. Akavaa viatu. Akamshukuru Wambui kwa Kiingereza.

Saa saba mlango ukafungwa. Nasra aliniuliza yule jirani alikuwa anafanya nini chumbani. Nikamwambia yote, pale pale, amevaa glavu za kuoshea vyombo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akajibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hajalifanya tangu kidato cha kwanza. Alisema, "Mama, wewe ni mtu mgumu sana." Nikasema najua. Akaendelea kuosha.

Jumanne, 25 Septemba

Wambui amepiga simu. Watu watatu wanaitaka. Espoir hayumo. Solange amesema jikoni hapo hawezi kugeuka na mapacha wawili miguuni, afadhali wasubiri. Alhamisi nzima nilijiona natoa zawadi kubwa. Zawadi yenyewe haina nafasi ya kugeuza sufuria. Nimecheka hadi nimekohoa.

Nimewachagua fundi wa treni wa karakana ya Tyseley na mkewe muuguzi. Ndio wenye wale watoto wa ngazini. Wambui anasema nimechagua vizuri. Nasra anasema nimechagua kwa sababu ya ngazi. Yuko sahihi.

Jumatano, 26 Septemba

Fomu. Nimefuta penseli. Alama yake bado inaonekana kidogo kwenye karatasi, ukiiinamisha kwenye mwanga. Iwe hivyo.

Ndiyo. Kwa wino. Eleza: Mwaka 2006 mwenye nyumba hii alilalamika bila jina kuhusu nyimbo za jirani. Malalamiko hayakuwa ya haki. Jirani hakuwahi kukosa. Ukuta unapitisha sauti. Ukisumbuliwa, gonga.

Wakili atadhani nimechanganyikiwa. Nimeweka sahihi kwa jina langu kamili, la baba na la babu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Masanduku kumi na moja sebuleni. Nasra atakuja kesho saa nne. Ngazi sizipandi tena, kitanda kimeshushwa chini, kimeegemea ukuta ule ule wa Mama Furaha.

Barua imenichukua siku tisa. Ni mistari minne tu. Kila nilipoandika sentensi nzuri niliifuta, kwa kuwa haikuwa yake. Leo asubuhi nimeimaliza. Inasema waje siku ya Ijumaa. Mlango uko wazi. Wasikilize kwanza. Kama ni mbaya, tutanyamaza. Nimeacha nafasi ya sahihi.

Nimeikunja nikaitia kwenye bakuli la bluu, na tende tatu juu yake. Hatua ishirini na mbili. Sikuyahesabu mapumziko. Hakuwepo, au hakufungua. Nimeliacha kizingitini na kurudi.

Saa moja jioni sasa. Nje kunanyesha kidogo. Nimelala chali, daftari kifuani.

Ukuta umegongwa mara mbili.

Nimeinua mkono. Nimegonga.